Kufupisha Makala ya Kitaaluma Bila Kuipotosha

Soma sentensi hii: Utafiti umethibitisha kwamba dawa ya kuua viluwiluwi imepunguza malaria Dar es Salaam kwa asilimia 72, na ni bora kuliko chandarua.

Ni fupi, ina namba, na inasomeka vizuri. Ingepita bila kupingwa kwenye mkutano wa mtaa huku Mtoni, Dar es Salaam, na pengine hata darasani. Lakini ina makosa yasiyopungua matano, na kinachosikitisha ni kwamba aliyeiandika anaweza kuwa ameisoma makala yenyewe, tena kwa bidii. Hakuna alichokibuni. Kila neno lake lina asili yake mahali fulani ndani ya makala. Alichofanya ni kuondoa mipaka: nani, wapi, lini, kwa kipimo gani, na kwa uhakika kiasi gani.

Mwongozo huu unahusu mipaka hiyo. Kufupisha kwenyewe si kazi ngumu, mtu yeyote anaweza kukata maneno. Kazi iko katika kujua ni maneno gani madogo yakikatwa hugeuza utafiti kuwa uvumi.

Makala tutakayoitumia ipo kweli. Ilichapishwa Machi 2009 katika jarida la PLoS ONE, ambalo husomwa bure kwenye intaneti, hivyo huhitaji nywila ya maktaba ya chuo wala kumwomba mtu akutumie nakala. Mwandishi wa kwanza ni Yvonne Geissbühler, na pamoja naye wamo Khadija Kannady, Prosper Chaki, Nicodem Govella, Deo Mtasiwa, Hassan Mshinda, Gerry Killeen na wengine. Inahusu Dar es Salaam na mbu wake. Nimeichagua kwa sababu mkazi wa Mtoni, mwenye mitaro na mabonde mlangoni, haisomi kama mgeni. Hapo ndipo penye mtego pia: jambo unalolijua kwa maisha hukufanya usome unachokitarajia badala ya kilichoandikwa.

Kwanza tuachane na tabia moja ya sekondari. Katika mtihani wa Kiswahili tulifundishwa ufupisho: chukua kifungu, toa wazo kuu la kila aya, unganisha, hesabu maneno usizidishe. Kwa kifungu cha mtihani, njia hiyo inatosha. Kwa makala ya kitaaluma inaharibu, kwa sababu aya za makala hazina uzito sawa. Utangulizi unaweza kuchukua kurasa mbili kueleza mambo ambayo wengine walishayasema, wakati sentensi inayoamua thamani ya utafiti mzima imejificha katikati ya sehemu ya mbinu, haina mbwembwe yoyote. Ukiipa kila aya haki sawa, utangulizi utakula muhtasari wako wote.

Kwa hiyo usisome kwa mfuatano. Anza na ikisiri, uisome mara mbili polepole. Kisha ruka utangulizi, nenda moja kwa moja kwenye mbinu, halafu majedwali na michoro, halafu mwisho wa mjadala, mahali ambapo waandishi hukiri upungufu wa kazi yao. Utangulizi usome mwisho, tena kwa kusudi moja tu: kujua swali lilikuwa nini. Wapo wahadhiri watakaokuambia usome kila neno tangu mwanzo. Ni ushauri mzuri kwa mtu anayetaka kuijua fani. Kwa mwenye muhtasari wa kukabidhi kesho asubuhi, mpangilio wangu una nafuu.

Sasa tuingie kwenye mbinu, maana muhtasari mwingi hufia hapo. Chukua karatasi, andika majibu ya maswali haya kwa maneno yako: walifanya nini, kwa nani, wapi, kwa muda gani, na walilinganisha na nini. Kwa makala yetu majibu ni haya. Dawa ya kibaiolojia iitwayo Bti, inayotokana na bakteria, ilinyunyiziwa kila wiki kwenye mazalia ya mbu kwa mwaka mmoja. Eneo lililofuatiliwa lilikuwa kata 15 za mjini, ukubwa wa kilomita za mraba 55, lenye wakazi wapatao 612,000. Lakini dawa ilitumika katika kata 3 tu kati ya hizo: Buguruni, Mikocheni na Kurasini, moja kwa kila manispaa ya wakati huo, Ilala, Kinondoni na Temeke. Kata hizo 3 zina kilomita za mraba 17 na zilikuwa na wakazi 128,000. Kazi ya kunyunyiza ilianza Machi 2006.

Angalia ni makosa mangapi yanaweza kuzaliwa katika aya hiyo moja. Mmoja ataandika kwamba watafiti walipima watu 612,000. Hapana, hiyo ni idadi ya wakazi wa eneo; waliopimwa ni sampuli iliyochukuliwa humo. Mwingine ataandika kwamba mwaka 2009 maambukizi yalipungua, akichanganya mwaka wa kuchapishwa na mwaka wa kazi. Wa tatu, na huyu ndiye wa Mtoni, ataandika kwamba dawa ilileta nafuu kwetu, kwa sababu Kurasini na Mtoni ni pua na mdomo. Lakini Mtoni haimo katika kata 3 zilizonyunyiziwa mwaka ule, na ujirani hauhamishi matokeo ya utafiti kutoka kata moja kwenda nyingine.

Kuna jambo jingine kwenye mbinu ambalo nimeona likiwashinda hata wanafunzi wa uzamili. Makala inasema kaya za kupima maambukizi zilipatikana kwa sampuli nasibu. Inasema pia kwamba kata za kunyunyiziwa dawa hazikuteuliwa kwa kura. Hayo ni mambo mawili tofauti. Unasibu wa kwanza unasaidia waliopimwa kuwakilisha kata zao. Unasibu wa pili, ambao haukuwepo, ndio ungekuwezesha kusema kwa ujasiri kwamba tofauti kati ya kata zilizonyunyiziwa na ambazo hazikunyunyiziwa ilisababishwa na dawa wala si kitu kingine. Mikocheni si Buguruni: mitaro haifanani, wala nyumba, wala kipato. Watafiti walikuwa na takwimu za kabla ya dawa kuanza, jambo linalosaidia sana, lakini bado muhtasari wa haki lazima useme kwamba kata hazikuteuliwa kwa kura. Ni maneno machache tu. Ukiyatoa, umempa msomaji utafiti wenye nguvu kuliko uliofanyika.

Baada ya mbinu, namba. Hapa usiwe na haraka.

Makala inatoa matokeo ya aina mbili. La kwanza linahusu mbu: makadirio ya mara ngapi mtu anaumwa na mbu wenye vimelea kwa mwaka. Katika kata zenye dawa, kipimo hicho kilikuwa 0.683 ya kile cha kusiko na dawa. Toa 0.683 kwenye 1, unapata upungufu wa takribani asilimia 32. Kati ya Julai na Septemba kiwango kilikuwa 0.354, yaani upungufu wa karibu asilimia 65. Kipindi hicho ndicho makala inachokitaja kuwa kilele cha mafanikio ya mpango. Mtu mwenye haraka huichukua 65, maana inapendeza zaidi, na kuiacha 32. Usifanye hivyo. Ukitaka kutaja miezi ya kilele, taja kwanza ya mwaka mzima.

La pili linahusu watu, na ndilo lililozaa ile asilimia 72. Kwa watoto wa miaka 5 na chini, makala inaripoti OR (kifupi cha "odds ratio") ya 0.284. Wengi wakiona 0.284 hutoa kwenye 1, wanapata 0.716, wanaandika kwamba maambukizi yalipungua kwa asilimia 72. Hesabu ya kutoa ni sahihi, maelezo ndiyo si sahihi. OR hailinganishi asilimia ya walioambukizwa. Inalinganisha uwiano: idadi ya walioambukizwa ukiigawa kwa idadi ya wasioambukizwa. Tofauti yake inaonekana ukiijaribu kwa mfano wa kubuni. Tuseme kusiko na dawa watoto 10 kati ya 100 wana vimelea. Uwiano ni 10 kwa 90. Zidisha kwa 0.284, kisha urudishe kwenye asilimia, utapata watoto kama 3 kati ya 100. Upungufu ni asilimia 69 hivi, haujaachana sana na 72. Sasa tuseme ni watoto 50 kati ya 100. Uwiano ni 1, ukiuzidisha unapata 0.284, na ukiurudisha kwenye asilimia unapata watoto 22 kati ya 100. Upungufu ni asilimia 56. OR ni ileile, lakini upungufu umebadilika sana. Kwa hiyo andika kipimo chenyewe ulichokikuta, na kama unaandikia wasio wataalamu, sema tu kwamba uwezekano wa watoto hao kuwa na vimelea ulionekana kuwa mdogo kwa kiasi kikubwa. Hilo huwezi kuulizwa.

Pembeni ya 0.284 kuna namba mbili zaidi: 0.101 hadi 0.801. Huu ni wigo, mipaka ambayo ndani yake watafiti wanaamini thamani halisi ipo, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Ona ulivyo mpana. Upande mmoja, uwiano ungeweza kuwa umepungua kwa asilimia 90. Upande mwingine, kwa asilimia 20 tu. Nafuu ipo katika pande zote mbili, na ndiyo maana waandishi wana haki ya kusema dawa ilifanya kazi. Ukubwa wa nafuu ndio usiojulikana vizuri. Muhtasari unaotaja 0.284 peke yake unamfanya msomaji aione kama namba iliyopigwa msumari. Kama nafasi ni ndogo, ni heri utaje wigo kuliko ile namba ya katikati.

Halafu chandarua. Makala inaripoti OR ya 0.764 kwa mtu kutumia chandarua chenye dawa, wigo ukiwa 0.614 hadi 0.951, na waandishi wanasema kinga ya dawa ya viluwiluwi ilikuwa angalau sawa na hiyo. Angalau sawa. Hawakusema bora, na ukiziweka wigo mbili sambamba utaona kwa nini: zinaingiliana. Isitoshe, hitimisho lao ni kwamba dawa ilikamilisha kinga iliyokuwepo ya vyandarua. Sasa mfikirie mama mwenye watoto wadogo anayesikia kwenye mkutano kwamba utafiti umesema dawa ya mitaroni inashinda chandarua. Akienda kukikunja chandarua chake, kosa si la Geissbühler na wenzake. Ni la aliyefupisha.

Vitenzi navyo vinataka kuchungwa. "Wamethibitisha", "wameonyesha", "wanaripoti", "wanakisia" na "wanapendekeza" havina uzito sawa, wala usivibadilishe kwa sababu tu umechoka kurudia kimoja. Mwalimu wa insha alikuambia urudiaji ni udhaifu wa mtindo. Katika muhtasari, kurudia "wanaripoti" mara tatu si dhambi. Waandishi wetu wanamaliza kwa kusema dawa hii inaweza kuwa chaguo lenye manufaa katika miji ya Afrika inayokua haraka. Ukiandika kwamba wanashauri serikali za Afrika zinyunyize dawa, umewapa kauli ambayo hawakuitoa.

Ukishakuwa na karatasi yako ya majibu, funga makala. Zima simu au igeuze kifudifudi, kisha andika muhtasari kwa kutazama karatasi yako tu. Ukiandika huku makala iko wazi mbele yako, utaishia kutafsiri sentensi za waandishi moja moja, na Kiswahili chako kitakuwa na kigugumizi cha Kiingereza. Ukimaliza, fungua tena makala, chukua kalamu ya rangi, na kwa kila sentensi uliyoandika tafuta mahali inapotoka. Sentensi isiyo na mahali pake, ifute hata kama ni ya kweli.

Hii ya "hata kama ni ya kweli" inahitaji mfano. Mkazi wa Dar anajua kwamba Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya viluwiluwi, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Ni kweli, na kinahusiana kabisa na mada. Lakini hakimo katika makala ya 2009, na hakiwezi kuwamo. Kukitaja ndani ya muhtasari kunamfanya msomaji adhani waandishi walikizungumzia. Kiweke kwenye maoni yako, katika aya nyingine.

Mfano wa hatari zaidi ni wa makala nyingine. Mwaka 2013, Mathieu Maheu-Giroux na Marcia Castro walichapisha, katika jarida lilelile la PLoS ONE, uchambuzi wa mpango huohuo wa Dar es Salaam. Walitumia takwimu za kati ya 2004 na 2008, kipindi ambacho ndani yake dawa ilipanuliwa kutoka kata 3 hadi nyingi zaidi. OR yao ni 0.79, wigo 0.66 hadi 0.93. Mpango ni mmoja na jiji ni moja, ila namba ziko mbali: 0.284 na 0.79. Mwanafunzi akizikuta zote mbili hutaka kupatanisha, ama kwa kuchukua ya kati ama kwa kuchagua iliyompendeza. Usifanye lolote kati ya hayo. Waliohesabiwa si walewale, miaka si ileile, mbinu si ileile. Kila makala ipewe muhtasari wake, na kama unahitaji kulinganisha, linganisha waziwazi baada ya kumaliza zote mbili. Castro, ukiangalia, ni mmoja wa waandishi wa makala zote mbili, kwa hiyo hapa hakuna ugomvi wa kambi mbili wa kusimulia.

Kwa kutumia yote hayo, muhtasari wenye urefu wa aya moja unaweza kuwa hivi:

Geissbühler na wenzake (2009) walichunguza kama kunyunyiza kila wiki dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi, Bti, kunapunguza malaria mjini. Dawa ilitumika kwa mwaka mmoja, kuanzia Machi 2006, katika kata 3 kati ya 15 za Dar es Salaam zilizokuwa zikifuatiliwa. Kata hizo hazikuteuliwa kwa kura. Maambukizi yanayoletwa na mbu yalikadiriwa kupungua kwa takribani asilimia 32 kwa mwaka, na zaidi kati ya Julai na Septemba. Kwa watoto wa miaka 5 na chini, OR ya kuwa na vimelea ilikuwa 0.284 (wigo 0.101–0.801), kinga ambayo waandishi wanaiona kuwa angalau sawa na ya kutumia chandarua chenye dawa. Wanahitimisha kwamba dawa hiyo ilikamilisha kinga ya vyandarua na inaweza kufaa katika miji ya Afrika inayokua haraka.

Hauzidi maneno 120. Hauna sifa za makala wala lawama, hauna "makala hii muhimu sana", hauna simulizi ya jinsi malaria ilivyo tatizo kubwa barani Afrika. Ukiambiwa upunguze hadi maneno 60, kata kilele cha Julai hadi Septemba na ulinganisho wa chandarua. Ukiambiwa 30, bakiza dawa, kata 3, mwaka mmoja, watoto wa miaka 5 na chini, na neno linaloonyesha kwamba nafuu iliripotiwa. Kata 3 usiziguse hata ukipewa maneno 20.

Neno kuhusu madesa. Karibu na kila chuo kuna stesheneri yenye faili la muhtasari wa makala zinazoulizwa kila mwaka, zinazopigwa kopi kizazi hadi kizazi. Siku hizi kuna na programu za akili mnemba zinazokutolea muhtasari kabla bando halijaisha. Sikuzuii kuvitazama. Ila vyote viwili vina ugonjwa mmoja: vinasomeka kwa uhakika kuliko makala yenyewe. Ukivitumia, vipitishe kwenye ile kalamu ya rangi, sentensi kwa sentensi, na anza na namba na majina ya mahali, kwa kuwa huko ndiko kosa huonekana mapema.

Muhtasari wa mhadhiri na wa mwenyekiti wa mtaa hautakuwa mmoja. Mhadhiri anataka OR na wigo wake. Mwenyekiti anataka kujua kama mtaro wa nyuma ya soko unyunyiziwe au la. Kwa mwenyekiti ondoa vifupisho, eleza kwamba uwezekano wa watoto wadogo kuwa na vimelea ulipungua katika kata tatu zilizonyunyiziwa kwa mwaka mmoja, na uongeze papo hapo kwamba watafiti wanasema dawa hiyo inaambatana na chandarua. Usimlainishie namba mpaka zikawa ahadi. Na kwa vyovyote atauliza, "Na sisi Mtoni?" Jibu lake liwe katika sentensi ya peke yake, nje ya muhtasari: makala hii haisemi lolote juu ya dawa kutumika Mtoni, katika mwaka huo wa kwanza kata ya Temeke iliyonyunyiziwa ilikuwa Kurasini, na kama anataka kujua zaidi, ipo makala ya 2013 ambayo utamfupishia kivyake.